Kitabu cha Viboko

Rafiki yangu mmoja hapa Mjimwema amewatoa wanawe wawili shule ya serikali. Sasa wanasomea sebuleni, mtaala wa nje kwenye kompyuta, mama yao akiwasimamia. Sababu zake sikuweza kuzipinga. Watoto zaidi ya 80 kwa mwalimu mmoja. Dawati la watatu wanakaa watano. Na binti yake alirudi siku moja viganja vimevimba kwa fimbo, eti kakosa hesabu za sehemu.

Tulishindana alipouita uamuzi wake uhuru wa mtoto. Mtoto yupi? Tukiwa katikati ya maneno, chai ililetwa na dada wa kazi, wa miaka 14 hivi kwa kumkadiria. Naye anashinda nyumbani kutwa. Hatukusema anasomea nyumbani.

Nchi hii ilishawahi kuwarudisha watoto wote nyumbani. Shule zilifungwa Machi 17, 2020 kwa ajili ya korona, na za msingi zikafunguliwa Juni 29. Zaidi ya siku 100. Vipindi vya masomo vilirushwa redioni na kwenye televisheni. Lakini kwetu Songea mahindi yalikuwa yanakauka shambani. Mpwa wangu wa kike, darasa la sita, alivuna, akapukuchua, akachota maji, akabeba mdogo wake mgongoni. Hakuna aliyemtesa. Alionekana yupo tu, akatumwa. Kengele ya shule, pamoja na ubovu wote wa shule yenyewe, ndiyo pekee iliyokuwa ikimwambia dada yangu: huyu si wako mpaka mchana.

Sheria ya Elimu ya 1978 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto na kuhakikisha anahudhuria mpaka amalize shule ya msingi. Rafiki yangu anaiona pingu. Mimi naona ndiyo silaha ya mtendaji wa mtaa anapobisha hodi kwa baba aliyempeleka bintiye mjini kuosha vyombo vya watu. Siku tutakapokubali kwamba mzazi akisema "namfundisha mwenyewe" yatosha, maneno hayo hayatatumiwa na wenye kompyuta tu. Baba yule naye atayajifunza, tena haraka.

Tubaki na fimbo, maana hapo ana haki ya kukasirika. Kanuni zinasema achape mwalimu mkuu, au aliyemruhusu kwa maandishi. Viboko visizidi vinne. Na kila adhabu iandikwe kitabuni. Katika wazazi wote wa shule ile, ni yeye tu aliyekuwa anazijua. Kwenye mkutano mmoja alisimama, akaomba kitabu hicho kiletwe mezani. Kikatafutwa ofisini, kikakosekana. Tukaahidiwa tutakiona mkutano ujao. Wiki zilizofuata, watoto wenyewe walisema fimbo zimepungua.

Mkutano ujao ulipofika, wanawe walikuwa wameshahama na kiti chake kilikaliwa na mzee mmoja aliyesinzia. Tulijadili mchango wa chakula cha mchana: mahindi kiasi gani, maharage kiasi gani, nani atalipa mpishi. Mabishano yalichukua saa mbili. Kitabu hakikutajwa. Na mimi nilikuwepo, nimekaa mstari wa pili.