Mpangilio Kwanza, Maada Baadaye

Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya fuwele za fotoni, yaani maada yenye mpangilio unaojirudia unaoamua mwanga upi upite, nami nina hoja moja ya kulitangulizia: tumezoea kuuliza kitu kimetengenezwa kwa nini, ilhali mara nyingi kinachoamua mwanga upite au urudi ni jinsi kilivyopangwa.

Chukua vitu viwili vinavyopitisha mwanga, kimoja kikiupunguzia kasi zaidi ya kingine. Vipange tabaka kwa tabaka kwa kupishana, kila tabaka unene wake uwe robo ya urefu wa wimbi la rangi fulani ndani yake. Kila mpaka hurudisha mwanga kidogo tu, lakini mawimbi yanayorudi hukutana yakiwa sambamba na kuongezeana nguvu. Tabaka zikiwa nyingi, rangi hiyo haipenyi tena, na nyingine zinapita. Badili unene: maada ni ileile, rangi inayozuiwa ni nyingine.

Mwanafizikia Lord Rayleigh alilichambua jambo hili mwaka 1887. Miaka mia baadaye, wanafizikia Eli Yablonovitch na Sajeev John, kila mmoja kivyake, walitafakari mpangilio unaojirudia pande zote tatu, ambamo wimbi la rangi fulani lisipate pa kupita kabisa; rangi zinazozuiwa hivyo huitwa pengo.

Husemwa kwamba sayansi hii ni ya wenye maabara za mamilioni. Sikubali. Milinganyo ya Maxwell, inayotawala mwanga na maikrowevu vilevile, haijali ukubwa: ukikuza vipimo vya mpangilio, kama vile matundu yaliyotobolewa katika maada, na urefu wa wimbi kwa kiwango kimoja, na maada ikaendelea kuupunguza mwendo wa wimbi vilevile, matokeo ni yaleyale. Ndiyo maana mwaka 1991 Yablonovitch na wenzake walitoboa kipande cha maada kwa keekee, wakakipima kwa maikrowevu zenye urefu wa takriban sentimita 2, na pengo walilolitafuta likaonekana. Programu ya MPB ya kukokotoa mapengo hayo, iliyotoka MIT, ni ya bure.

Na kielelezo tunacho. Mabawa ya kipepeo Papilio nireus, anayeruka katika misitu ya Afrika Mashariki, yana magamba yenye matundu ya hewa na vioo vya tabaka chini yake. Watafiti Pete Vukusic na Ian Hooper walionyesha mwaka 2005 kwamba muundo huo huusukuma nje mwanga wa buluu-kijani unaotolewa na magamba yenyewe.

Hata mwanafunzi anaweza kutoboa kipande kama kile cha keekee: akiacha makusudi safu moja ya matundu bila kuitoboa, wimbi lililozuiwa kwingine linaweza kupata njia hapohapo. Jaribio hilo liingie katika shahada ya kwanza, lisingoje uzamivu.