Mitaa ya lango moja inatunyima afya

Msomaji, ukimwendea daktari yeyote jijini Nairobi ukiwa na kisukari au shinikizo la damu, hutaondoka kabla ya kuambiwa utembee. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa muda usiopungua dakika 150 kila wiki. Huo ni mwendo wa nusu saa kwa siku, siku tano. Hii ni dawa isiyouzwa dukani, nayo hufanya kazi: misuli inayotembea huvuta sukari kutoka kwenye damu, na mwendo wa kila siku husaidia kuteremsha shinikizo.

Swali lisiloulizwa ni hili: mgonjwa huyo atatembea wapi?

Tazama jinsi mji wetu ulivyokua. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli. Katikati ya jiji na kule Eastleigh, barabara zilichorwa zikakatana kama miraba ya daftari la hesabu. Mkazi wa Eastleigh anayekwenda kununua mboga ana njia kadhaa za kuchagua, na nyingi ni fupi.

Kisha mji ukafurika na kuvuka mipaka yake. Kati ya sensa ya 2009 na ile ya 2019, idadi ya watu katika Kaunti ya Kiambu iliongezeka kutoka milioni 1.6 hadi milioni 2.4. Kajiado ilitoka watu 687,000 ikapita milioni 1.1. Wengi wa watu hao wamejenga Ruiru, Juja, Kitengela, Ngong na Ongata Rongai, mahali palipokuwa mashamba na malisho ya mifugo.

Mashamba hayo hukatwa vipi? Mwenye kipande kirefu cha ardhi hukigawa kuwa ploti za futi 50 kwa 100 na kuacha barabara moja katikati. Barabara hiyo huanzia kwenye barabara kuu na kuishia kwenye ua wa jirani. Jirani naye akiligawa lake hufanya vivyo hivyo. Hakuna aliye tayari kupoteza ploti moja ili njia hizo mbili zikutane. Mwishowe tunabaki na barabara zilizolala sambamba kama meno ya kitana, kila moja ikiwa na lango lake, ukuta wake na bawabu wake.

Ndipo utakuta nyumba mbili zilizopeana mgongo, huyu akisikia redio ya yule, lakini kutembeleana ni lazima mtu atoke langoni, afuate barabara kuu, kisha aingie lango la pili. Umbali wa hatua 50 umegeuka kuwa kilomita mbili. Shule iko nyuma ya ukuta, lakini mtoto anapelekwa kwa bodaboda. Duka ambalo lingekuwa mwendo wa robo saa kwenda na robo saa kurudi, yaani ile nusu saa ya daktari, sasa linaendewa kwa gari.

Si Kenya peke yake. Mwaka 2020 watafiti Christopher Barrington-Leigh na Adam Millard-Ball walichapisha uchunguzi wa barabara za dunia nzima, wakaonyesha kwamba tangu 1975 sehemu nyingi zimekuwa zikijenga mitaa isiyoungana. Utafiti mwingine, uliochapishwa 2014 kuhusu miji 24 ya jimbo la California, Marekani, ulikuta kwamba penye barabara zinazokatana kwa karibu, unene wa kupindukia, kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo ni machache zaidi. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba barabara pekee ndiyo sababu, lakini unakubaliana na yale tunayoyajua kuhusu mwili.

Kuna hatari nyingine. Kila mtaa ukiwa na mlango mmoja, wenye magari na wenye miguu wote humiminwa katika barabara kuu ile ile. Ajali za barabarani ziliua zaidi ya watu 4,000 nchini kila mwaka kutoka 2021 hadi 2024, na waliokuwa wakienda kwa miguu ndio wengi. Aidha, lori likikwama mbele ya lango hilo usiku ambao mama mjamzito anavuja damu, ambulensi itapitia wapi?

Najua utakaloniambia, msomaji: kuta tumezijenga kwa sababu ya wezi. Hofu hiyo ni ya kweli na siidharau. Lakini sisemi kuta zibomolewe. Nasema ziwe na mlango mdogo wa waenda kwa miguu upande wa nyuma, ufunguliwe alfajiri na kufungwa magharibi, bawabu akiwapo. Gharama yake ikigawanywa kwa nyumba zote ni ndogo kuliko dawa za kisukari za maisha. Tena njia inayopitwa na watu mchana kutwa haimpendezi mwizi.

Serikali za kaunti nazo zina wajibu. Chini ya sheria ya mipango ya ardhi ya 2019, hakuna anayeruhusiwa kugawa shamba bila idhini ya kaunti. Basi idhini hiyo isitolewe mpaka ramani ionyeshe barabara itaungana wapi na ya jirani. Hilo ni rahisi sasa, ardhi ikingali na vigingi tu. Nyumba za ghorofa zikishasimama, kufungua njia kutahitaji fidia, kesi na tingatinga.

Katika mkutano ujao wa wakazi wa mtaa wako, watu watazungumzia maji, takataka na taa. Simama uulize habari ya mlango wa nyuma. Kinga ni bora kuliko tiba, na kinga hii haihitaji daktari kuiandika.