Mpeasi Mgonjwa ni Hatari kwa Jirani

Mpeasi wapenda baridi. Ndiyo sababu wastawi katika nyanda zetu za juu, kama vile Nyandarua, Limuru na Molo. Miti miwili au mitatu kando ya nyumba yatosha kuwapa watoto matunda, na mengine kupelekwa sokoni. Lakini mti huu hukawia, hata miaka minne au zaidi, kabla ya kuzaa. Basi mwenye shamba auonapo ukinyauka, huingiwa na hofu na kukimbilia dukani kununua dawa. Hapo ndipo fedha nyingi hupotea bure.

Mimi ni karani katika ofisi ya kilimo. Wakulima hufika mezani kwangu na jani moja ndani ya karatasi, wakaniuliza, "Karani, dawa yake ni ipi?" Mwalimu hawezi kumpima mtoto kwa jibu moja, wala mti haupimwi kwa jani moja. Yafaa kwanza tuutazame wote, kutoka juu hadi chini.

Majani na matunda yakiwa na madoa meusi, na matunda kupasuka, huo ni ukungu uenezwao na mvua. Okota majani na matunda yote yaliyoanguka, uyachome au uyafukie. Pogoa matawi yaliyosongamana ili upepo upite. Dawa ya shaba hufaa ikinyunyizwa mapema, kabla maua hayajafunguka. Ukingoja mpaka matunda yapasuke, umechelewa.

Mti ukitoa maua mengi bila matunda, usiulaumu. Mipeasi iliyo mingi huhitaji mpeasi wa aina nyingine karibu nayo, uchanue wakati mmoja nayo, na nyuki wa kuchukua unga wa maua. Panda wa pili, tundika mzinga, wala usinyunyize dawa ya wadudu wakati wa maua. Na kama mti una majani tele na matawi marefu lakini hauchanui, punguza mbolea.

Sasa natoa shauri ambalo si wote watakaolipenda. Majani yakigeuka manjano na kuwa madogo, na matawi kukauka kuanzia nchani, acha majani. Kwanza tazama kama maji yanatuama. Yakituama, chimba mtaro yapate njia. Kisha fukua udongo shinani na kubandua kipande cha gome kwa kisu. Ukiona utando mweupe kama karatasi kati ya gome na mti, wenye harufu ya uyoga, basi huo ni uyoga wa mizizi. Hakuna dawa ya dukani iwezayo kuuponya mti huo.

Ugonjwa huu huishi katika visiki na mizizi ya miti ya zamani. Tangu mashamba makubwa yalipogawanywa katika miaka ya 1960, miti mingi imekatwa kwenye skimu zetu na visiki vikaachwa ardhini. Uyoga hula kisiki polepole, na mzizi wa mpeasi ukigusana na mzizi ule, nao huambukizwa. Kisha mpeasi huo huambukiza ulio karibu. Uyoga haujui mpaka wa ploti yako wala ua wa jirani.

Kwa hiyo nasema: mti huo ung'olewe, na mizizi yote ifukuliwe na kuchomwa papo hapo. Chimba mtaro wa kina cha karibu mita moja kuzunguka mahali pale, na udongo wake uutupe upande wa ndani. Usipande mti pale kwa miaka kadhaa. Panda mahindi au mboga. Na ukitaka kukata mti mkubwa, kwanza ondoa gome lake kuzunguka shina na kuuacha ufe ukiwa umesimama. Mizizi yake itakwisha nguvu, na uyoga utakosa chakula.

Wako watakaosema, "Nitang'oaje mti ungali na matunda?" Ni neno zito, maana mti ni jasho la miaka mingi. Lakini mti wenye ugonjwa huu mara nyingine huzaa sana kabla ya kufa. Ukingojea mavuno hayo ya mwisho, huenda ukapoteza miti mitatu mingine, na jirani akapoteza yake bila kosa lake. Kumwonya jirani na kuchimba mtaro pamoja naye ni bora kuliko kugombana naye baadaye.

Basi kabla ya kununua dawa, chukua jembe na kisu ukatazame shinani. Ukiwa na shaka, mwite Bwana Shamba au Bibi Shamba aje aone mti wenyewe, wala si jani lake tu.