Mkono Usiotajwa

Wako watu waonao kwamba kazi ya akili ni bora na kazi ya mikono ni duni. Nawapinga, na shahidi wangu ni picha moja ya mji wa Venice, katika Italia, iliyochapwa kwa mbao mwaka 1500.

Katika picha hiyo Neptune, mungu wa bahari wa Warumi wa kale, amempanda mnyama wa majini kati ya merikebu, ameshika mkuki wa ncha tatu. Mchoraji wake ajulikana: ni Jacopo de' Barbari. Mfanya biashara aliyeitoa ajulikana pia: ni Anton Kolb, aliyeieleza serikali kwamba kazi ilichukua miaka 3. Lakini ni nani waliozichonga zile mbao 6? Majina yao hatunayo.

Basi fikirini kazi yao. Kila mstari wa mchoro uliachwa umeinuka, na ubao wa kando yake ukachongwa ukaondolewa, ili wino ushike juu ya mistari tu. Tena yote yalichongwa kinyume, kulia kukiwa kushoto. Kisu kikiteleza mara moja, mkono wa mungu umekatika. Je, hiyo si akili?

Mtu atasema kwamba mchongaji alifuata tu mistari ya mwenziwe. Hata mwimbaji hufuata maneno ya mtunzi, wala hatumwiti bubu. Mbao zile zingaliko Venice hata leo, katika jumba la makumbusho la Correr. Mwanafunzi aonaye haya kushika patasi na azikumbuke.