Mchezo wa Bunduki na Mizani ya Haki

Wako watu miongoni mwetu ambao wakimwona kijana ameinamia kompyuta, na bunduki imeelekezwa mbele, hupiga kelele: "Upotevu huu!" Na wako vijana ambao wakionywa hujibu: "Ni mchezo tu." Makundi yote mawili yamekosa, kwani yote yamehukumu bila ya kutazama.

Basi natuutazame mmoja, uitwao DUSK, uliotolewa mwaka 2018. Aliyeutunga ni Mmarekani, David Szymanski, karibu peke yake. Muziki aliutia Andrew Hulshult. Ulifanywa makusudi ufanane na michezo ya zamani kama Doom ya 1993 na Quake ya 1996: picha zina pembepembe, sura za watu kama zimechongwa kwa shoka, na mchezaji haoni mwili wake ila silaha aliyoishika.

Tuanze na mema yake, maana kukichukia kitu si ruhusa ya kukidhulumu. Kwanza, mtu huununua mara moja, ukawa wake. Ndani hamna masanduku ya kubahatisha ya kuuziwa. Mwaka huo huo wa 2018, tume inayosimamia kamari huko Ubelgiji iliamua kwamba masanduku ya namna hiyo katika baadhi ya michezo mashuhuri ni kamari. Sasa wewe mzazi unayemfukuza mwanao mbele ya DUSK, kisha ukampa simu acheze mchezo "wa bure" unaomwita kila siku afungue sanduku kwa pesa, umemwokoa na nini?

Pili, hadithi yake ina sehemu tatu; zikesha, imekwisha. Na mchezaji aweza kuhifadhi alipofika akaondoka. Hana udhuru wa kusema "siwezi kuacha sasa" anapoitwa na mamaye. Tatu, haushiki mtu mkono: sharti akumbuke njia, atafute funguo, apekue pembe zilizofichwa.

Ama aibu zake nazo si ndogo. Mchezaji huanza chini ya nyumba, mundu katika kila mkono, na mbele yake watu watatu wenye misumeno ya injini. Tangu hapo hana wa kusema naye, hana wa kumsamehe, wala hana wa kumwuliza sababu. Maadui ni wafuasi wa ibada za giza, wenye kafara na alama za mashetani, na damu imetapakaa kutani. Wapenzi wake husema hayo ni maskhara ya sinema za kutisha. Kweli, lakini mtu mzima huyaona maskhara. Mtoto huiona damu. Marekani kwenyewe umewekewa alama ya wenye miaka 17 na zaidi. Tena iko sehemu ya vita visivyo na mwisho, ambamo mtu huua mpaka auawe, nayo yaibomoa ile sifa ya kuwa na kikomo.

Hukumu yetu ni hii: biashara yake ni safi, ufundi wake ni wa kusifiwa, na yaliyomo si ya mtoto. Ewe mzazi, kabla hujakataza wala kuruhusu, kaa kando ya mwanao, utazame, kisha uulize matatu: Mchezo huu wauza nini ndani yake? Una mwisho? Na wauzoesha moyo wake kufurahia nini? Asiyeuliza, kukataza kwake ni kelele, na kuruhusu kwake ni kutupa amana.