Sanaa Isisubiri Tamasha

Msimu wa tamasha unapokaribia, shule za umma za Kisumu huchangamka. Ngoma hutolewa stoo, sare za wachezaji hushonwa upya, na hata mwalimu mkuu mbana matumizi hupata hela za basi. Tamasha la Muziki la Kenya limekuwapo tangu 1927 na lile la drama tangu 1959, na yote mawili yameibua vipawa ambavyo vingepotelea darasani. Hatuyabezi. Ila basi la tamasha hubeba wachache, na kwaya ikishaondoka waliobaki hurudia madaftari yao kama kawaida. Tumezoea kuiona sanaa kama kitu cha kushindania vikombe. Toleo hili linashikilia kwamba sanaa ni njia ya kufundisha, na nafasi yake ni ndani ya hisabati, sayansi na lugha, Jumatatu asubuhi, kwa kila mtoto.

Tulikotoka kunaeleza mengi. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985 ulisifia kazi za mikono, na sanaa, ufundi na muziki vilitahiniwa. Masomo ya mtihani yalipopunguzwa mapema miaka ya 2000, vipindi hivyo vilisalia kwenye ratiba lakini vikamezwa na hisabati na Kiingereza, maana kisichotahiniwa hakina mwenyewe. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka wa 2019 uliahidi kugeuza mambo. Leo Sekondari Msingi ina Sanaa Bunifu na Michezo, na tangu Januari 2026 wanafunzi wa Gredi ya 10 wana mkondo mzima wa sanaa na michezo. Ni hatua. Hata hivyo, sanaa bado imetengewa chumba chake, na mwalimu wa sayansi wa chumba cha pili haoni kwamba inamhusu.

Inamhusu sana. Chukua ala ya nyatiti. Ina nyuzi nane, ambazo siku hizi mara nyingi ni za nailoni, aina ileile inayotumiwa na wavuvi. Mpigaji huketi kwenye kigoda, akavaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, na huku vidole vya mikono vikikung'uta nyuzi, pete hiyo hugonga ubao kushika mapigo. Mpe mtoto akaze uzi mmoja kidogo, asikie sauti ikipanda. Aulegeze, aisikie ikishuka. Kisha mwulize kwa nini uzi mnene na mwembamba wa urefu mmoja, zikikazwa sawa, hazitoi sauti moja. Hapo somo la sauti limeanza, na hakuna aliyekariri fasili yoyote.

Au nenda Dunga, wanakosuka vikapu vya mafunjo. Msusi akitaka ua lijirudie kila baada ya vijiti 6 na duara la kikapu lina vijiti 40, ua litakatika kabla ya kurudi lilikoanzia, kwa sababu 40 ukigawa kwa 6 unabaki na 4. Ama aongeze vijiti 2 ama apunguze 4. Mtoto aliyewahi kufumua kikapu kwa kosa hilo hahitaji kuchapwa ndipo aelewe baki ni nini. Na akiuliza mafunjo yanakatwa wapi na huchukua muda gani kuchipua tena, mwalimu wa mazingira anapokea kipindi kutoka hapo.

Kuna pingamizi za haki. Madarasa yamejaa. Mwalimu ana makaratasi ya tathmini hadi usiku. Wazazi nao wamechoka kutumwa saiba kuchapisha picha na kununua manila kila wiki, na mgao wa serikali wa shilingi 1,420 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka haufiki mbali. Lakini udongo wa mfinyanzi, mafunjo na gugumaji havinunuliwi dukani. Gharama halisi ni muda wa mtu anayejua kazi, na hapo ndipo tunapojikwaa. Msusi au mpiga nyatiti hana cheti cha ualimu, kwa hiyo huitwa siku ya wageni, akaonyesha, akapigwa picha, akapewa soda na kuagwa. Mwalimu aliyekaa naye mwezi mzima kupanga vipindi hatujamsikia kwa wingi, na hilo ndilo tunalotaka liwe jambo la kawaida.

Makala za toleo hili zinaingia darasani kuuliza maswali hayo: nani afundishe, kwa muda upi, na mtoto apimwe vipi bila kazi yake ya mikono kugeuzwa alama tupu. Sisi tuna mapendekezo mawili. Vyuo vya ualimu vimfundishe mwalimu wa hisabati kufundisha kwa sanaa, kazi hiyo isiachiwe mwenzake wa muziki peke yake. Na kaunti za ufuo wa ziwa, kuanzia Kisumu, zianzie chekechea, ambazo Katiba ya 2010 ilizikabidhi kwa kaunti, bila kungoja waraka kutoka Nairobi. Kila kaunti itenge fungu la kuwalipa mafundi wa sanaa wanaoingia darasani kwa muhula mzima, kwa mkataba na kwa saa. Fungu hilo likionekana kwenye bajeti ijayo ya kaunti, tutakuwa na cha kuandika.