Jeni Si Hatima, Wala Si Ubao wa Kufutwa

Wahenga wetu walituachia methali mbili zisizopatana. Moja yasema mwana wa nyoka ni nyoka. Ya pili yasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Aghalabu sisi walimu huitumia ya kwanza kumkatia tamaa mwanafunzi, na ya pili kumlaumu mzazi. Leo ningependa kuipeleka kesi hii mbele ya hakimu asiyejua upendeleo, yaani mmea unaongoja wakati wake wa kuchanua.

Kuna gugu dogo liitwalo Arabidopsis thaliana, ambalo ni jamaa ya kabeji na sukuma wiki. Haliliwi wala haliuzwi sokoni, lakini ni miongoni mwa mimea iliyochunguzwa zaidi duniani. Huko Ulaya, baadhi ya aina zake huota kabla ya majira ya baridi, hutulia theluji ikipita, kisha huchanua joto linaporudi. Zikikosa baridi hiyo, huchelewa mno kutoa maua. Je, mmea usio na ubongo wajuaje kwamba umepita msimu mzima wa baridi, wala si usiku mmoja tu? Na huikumbukaje baridi hiyo ilhali imekwisha?

Jawabu limo ndani ya kiini cha seli. DNA haikutandazwa humo kama kamba juani. Imezungushwa juu ya protini ziitwazo histoni, mithili ya uzi uliozungushiwa vijiti, na uzi huo pamoja na protini zake ndio tunaouita kromatini. Pale ulipolegea, jeni husomeka. Pale ulipokazwa, jeni ipo lakini haisemi neno. Ni kama kitabu cha maktaba kilichofungwa kwa kamba: hakuna herufi iliyopotea, ila hakisomeki.

Mnamo mwaka wa 1999, watafiti wa Marekani na wenzao wa Australia waliitambua jeni iitwayo FLC, ambayo kazi yake ni kuyazuia maua. Baridi ikidumu majuma kadhaa, protini za kundi la Polikombu huanza kutia alama ndogo za kikemikali kwenye histoni za jeni hiyo. Mwanzoni alama hizo hukaa mahali padogo. Joto likirejea, huenea jeni nzima, na kila seli inapogawanyika, alama hurithiwa na seli changa. Kizuizi kimenyamazishwa; maua sasa yana ruhusa. Elimu ya mabadiliko ya namna hii, yasiyogusa herufi hata moja ya DNA, ndiyo epijenetiki.

Ajabu zaidi ni jinsi muda unavyohesabiwa. Mwaka wa 2011, Caroline Dean, Martin Howard na wenzao wa kituo cha John Innes mjini Norwich, Uingereza, walionyesha kwamba kila seli ama huinyamazisha jeni hiyo kabisa ama huiacha wazi. Kadiri baridi inavyorefuka, ndivyo seli zilizonyamaza zinavyoongezeka. Ni kama kura: kila seli ina sauti yake moja, na wingi wa sauti ndio huamua.

Hata hivyo, mbegu zinapoumbwa, alama zile hufutwa. Mche wa kizazi kipya hauna budi kupitia baridi yake wenyewe. Hapo ndipo methali zetu zinapopatana: mmea hurithi jeni za wazazi, lakini kumbukumbu ya baridi huipata kwa kuishi.

Kutolielewa jambo hili kuliwahi kumwaga damu. Katika Muungano wa Kisovieti, Trofim Lysenko alishika ukweli kwamba baridi huharakisha uchanuaji wa ngano, akaukuza kuwa uongo: kwamba ngano iliyozoezwa hivyo huwarithisha watoto wake mazoea hayo. Serikali ya Stalin ilimuunga mkono, na mwaka wa 1948 elimu ya jeni ikapigwa marufuku. Nikolai Vavilov, mtaalamu aliyekusanya mbegu kutoka pembe nyingi za dunia na kufika hadi Uhabeshi mwaka wa 1927, alikamatwa mwaka wa 1940 akafia gerezani mwaka wa 1943. Lysenko hakukosea kwa kutazama. Alikosea kwa kurukia jawabu alilolipenda, na taifa zima likakatazwa kumuuliza swali.

Huenda msomaji akauliza, haya yanatuhusu nini sisi tusiojua theluji? Yanatuhusu sana. Ngano ya Narok na Uasin Gishu ni ya aina zisizodai baridi ndefu. Ina jeni zake tofauti na za gugu letu, lakini mkulima akipanda ngano ya majira ya baridi ya Ulaya, yamkini atavuna majani mengi na masuke haba. Kabeji nayo huhitaji baridi ya majuma kadhaa kabla ya kuchanua. Mwalimu na awaulize wanafunzi wake kama wamewahi kuliona ua la kabeji shambani kwao, kisha awaache wabishane kabla ya kuwapa jawabu.

Rai yangu ni kwamba tusikomee kwa Mendel na herufi zake kubwa na ndogo, mwanafunzi akatoka darasani akiamini kuwa jeni ni hukumu isiyokatiwa rufaa. Tumfundishe pia kwamba jeni hufunguliwa na kufungwa. Papo hapo tumwonye asiruke kutoka kwenye gugu hadi kwa binadamu, wala asidhani kwamba kila tunachokipitia huandikwa katika damu ya wajukuu.

Atakayeyashika yote mawili hatamwita mwenzake mwana wa nyoka, wala hatadanganywa na Lysenko wa kesho.